Damu ya Minana wa Uani Kwetu

Nilikuwa nimemshika mnana kiganjani, shingo yake ikiwa katikati ya vidole vyangu viwili, wakati tropa, wanajeshi wa serikali, walipoingia uani kwetu. Sikusikia gari, kwa sababu hawakuja na gari. Walipita nyuma, mahali palipokuwa na ukuta zamani, wakatokea kati ya minazi bunduki zikiwa zimeelekea chini. Yule ndege alikuwa jike, mdogo, na moyo wake ulikwenda mbio hata sikuweza kutofautisha pigo na pigo. Nilihisi mtetemo tu. Wangu nao ukaanza kwenda vivyo hivyo.

"Usisogee, binti," mmoja wao aliniambia kwa Kireno.

Sikusogea. Mbele yangu, juu ya mkeka, vilikuwepo vitu vyote ambavyo mtu wa upande huu wa Cabo Delgado hapendi kukutwa navyo: darubini, wavu mwembamba usioonekana ukiwa mbali, sindano, na vichupa vidogo vya spiriti vyenye damu ndani yake.

Mkubwa wao aliinua darubini kwa kamba yake, kama mtu anayeinua panya aliyekufa.

"Unamtazama nani na hii?"

"Ndege, shefe. Minana. Hao hapo juu."

Akatazama juu. Mnazi ule kwa kawaida ulikuwa na makelele ya soko zima, lakini sasa minana walikuwa wamenyamaza, na viota vilining'inia kwenye makuti bila hata kimoja kutikisika. Nikatoa barua kwenye mfuko wa plastiki, moja ya fakulidade ya chuo kikuu na nyingine yenye muhuri wa wilaya. Akazisoma taratibu, akanirudishia.

"Na hii damu?"

Nilieleza haraka mno, kama mtu anayesoma Yasini bila kuvuta pumzi. Nilimwambia tunachukua tone moja chini ya bawa, tunalitia kwenye spiriti, tunalipeleka maabara kule Maputo, na huko wanalinganisha vinasaba vya kinda na vya mama yake na vya dume aliyejenga kiota. Hivyo tunajua kinda ni wa nani.

"Yaani baba yake ni nani?"

"Ndiyo, shefe."

Miongoni mwao alikuwepo kijana wa bara, wa kule juu kwa Wamakonde, aliyesikia Kiswahili. Wakati huo mama alikuwa ametoka jikoni na majirani walikuwa wamejikusanya kwenye pengo la ua. Yule kijana akawageukia, akafurahi kupata watu wa kumsikiliza.

"Mmemsikia? Tone dogo tu la damu, anakwambia baba wa mtoto ni nani! Hata mke wa ndege hana pa kujificha!"

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha watu walioona bunduki zikishuka, basi wangechekea lolote. Mkubwa wa tropa naye akatabasamu, akaitupa darubini mkekani, wakaondoka kwa njia waliyojia. Nilipofungua kiganja yule mnana alikaa kidogo bila kujua kwamba yuko huru, kisha akaruka.

Mtu mmoja hakucheka. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa amesimama uani na ndoo ya maji begani. Alivitazama vile vichupa muda mrefu. Kisha akamtazama dada yangu, na dada yangu akatazama chini.

Nilikuja kusoma ndege hawa kwa sababu ya dada yangu, ingawa dotora aliyenisimamia kule fakulidade hakulijua hilo. Yeye alitaka mahali penye kundi kubwa la minana, na mimi nikamwambia najua mahali: bairo letu, mtaa wa pembezoni mwa Mocímboa da Praia, kwenye uwanja wa mama. Mji ulipovamiwa sisi tulitawanyika. Mama na mimi tulifika Pemba kwa mashua. Dada alichukuliwa na wavamizi wenyewe, watu wa porini. Tulikaa miezi mingi tukiwa hatujui kama tumsomee hitima au tusimsomee, na mama hakukubali asomewe. Kisha siku moja akatokea kambini kwa wakimbizi, miguu imevimba, tumbo kubwa. Mumewe alikuwa ameponea upande mwingine wa mji, akaletwa na habari. Alimkuta mkewe amekaa kwenye turubai, akavua viatu, akakaa karibu naye. Baada ya wiki chache akazaliwa mtoto wa kike.

Mkunga alisema mtoto ametimia. Mama mwingine aliyekuwepo pale akasema hakutimia, ni njiti, mtazameni kucha. Waliopiga hesabu walizipiga vichwani mwao, na zilikaa pande zote mbili: dada angeweza kuwa alichukuliwa na mimba changa ya mumewe bila mwenyewe kujua, na angeweza kuwa hakuwa nayo. Hakuna aliyeuliza. Tulipoanza kurudi nyumbani, tukiwa miongoni mwa wa mwisho, mtoto alikuwa anatembea na kusema, na alimwita shemeji "baba" kwa sauti ya kuamuru iliyomfanya kila mtu acheke, hata yeye.

Nyumba ya mama tuliikuta haina paa. Minazi ilikuwepo, na minana walikuwemo, wengi kuliko nilivyowakumbuka, labda kwa sababu kwa miaka ile hakuna aliyekata makuti.

Mnana dume ni wa manjano ya ndizi mbivu, mwenye uso uliokolea kidogo. Anaking'ata kipande cha kuti pembeni, anaruka nacho, kinachanika utepe mrefu, anakwenda kuufunga. Anaanza na pete, anasimama ndani yake, kisha anazungushia ukuta mpaka anapata chumba chenye mlango chini. Akimaliza ananing'inia mlangoni kichwa chini, anapiga mabawa na kupayuka kila jike anapopita. Jike anaingia, anavuta nyuzi kwa mdomo, huku na huku, kama mama anayepima kanga sokoni. Asiporidhika anatoka. Nimeona dume akikataliwa mpaka kiota kinageuka rangi ya kahawia, naye mwenyewe anakifumua utepe mmoja mmoja na kuanza kingine palepale. Akikubaliwa, jike anatandika majani laini ndani na kutaga, na dume badala ya kutulia anakwenda kujenga kwa ajili ya mke wa pili.

Hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa. Dume akishughulika na kiota kipya, yule mke wa kwanza huruka hadi kuti la jirani, akakaa na dume mwingine kwa muda wa kufumba na kufumbua, akarudi kwake. Niliwavisha vipete vya rangi miguuni ili nijue nani ni nani. Matokeo ya damu ya msimu uliotangulia yalikuwa yameshakuja: katika baadhi ya viota kulikuwa na makinda ambayo mwenye kiota hakuyazaa. Nilifurahi sana nilipoyapokea. Nilimpigia dotora simu nikiwa nimesimama barabarani.

Siku ya tatu au ya nne baada ya tropa, shemeji alikuja alasiri. Alikuwa mchukuzi bandarini, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Alikaa ukingoni mwa mkeka wangu kama mgeni.

"Shemeji, hii kazi yako ya damu."

"Ya ndege."

"Ya ndege, ndiyo. Na kwa watu inafanywaje?"

Nilianza kupanga vichupa vilivyokuwa vimeshapangwa. "Haifanywi hapa, shemeji. Mimi sikusomea watu."

"Lakini damu si ni damu?"

"Vifaa ni vingine. Maabara ni nyingine. Na lazima mama wa mtoto akubali." Hilo la mwisho sikuwa na hakika nalo, nililitupia tu.

Juu yetu dume mmoja alikuwa akipayuka mlangoni pake na shemeji akamsubiri anyamaze, kwa adabu, kama anavyomsubiri mtu mzima amalize.

"Mimi sitaki ugomvi," akasema. "Mke wangu nimempokea. Neno sijamuuliza. Muulize dada yako, nimewahi?"

"Hujawahi."

"Basi. Nataka kujua tu. Nijue, nipate usingizi."

Mtu akikuomba jambo kwa hasira, unajua pa kushika. Yeye aliomba kwa upole, na upole ule ulinitia hofu. Nilimwona akilini mwangu akijua. Niliona asubuhi ya siku ya kujua kwake, na dada yangu akiwa amesimama mlangoni na mtoto. Kama jibu lingekuwa zuri, angetaka kuhakikisha tena. Na lingekuwa baya je?

"Haiwezekani, shemeji," nikamwambia. "Wallahi haiwezekani."

Akainuka, akapangusa mchanga. "Kwa ndege inawezekana," akasema, akaenda zake.

Dada alikuja kesho yake, mtoto akiwa mgongoni. Alipenda kukaa nami nikifanya kazi. Alisema minana wanamfanya asisikie mambo mengine. Siku hiyo alikuwa akimtazama dume mwenye kipete chekundu, aliyekuwa akiingiza panzi kiotani.

"Yule anawalisha wanawe?"

"Analisha kiota chake."

"Wote walio ndani ni wake?"

Nilijua jibu. Lilikuwemo kwenye kompyuta yangu, la msimu uliopita, la dume huyu huyu.

"Sijui," nikasema.

"Na yeye anajua?"

"Hajui, dada. Hana namna ya kujua. Analisha tu wanaofungua midomo."

Akamvuta mtoto mbele, akamlaza mapajani. "Mume wangu amekuja kwako, eti?"

Alikunja ncha ya kanga, akaikunjua, akaikunja tena. Dada yangu alipita mahali ambapo mimi sijui na sitajua, alitembea msituni na mimba kwa siku ambazo hakuzihesabia mtu, na hata pale kambini sikuwahi kumwona na hofu kama ile.

"Usimpe," akasema. "Akikuomba tena, usimpe. Akilia, usimpe."

"Siwezi kumpa hata nikitaka. Sina kitu cha kumpa."

"Yeye hajui hivyo."

Bairo zima halikujua hivyo. Maneno ya yule kijana wa tropa yalikuwa yamezunguka nyumba kwa nyumba, na kila yalipopita yaliongezeka. Nikasikia kwamba nina mashine chumbani. Nikasikia kwamba serikali imenituma nipime watoto waliozaliwa porini ili wakusanywe. Bombani nilipotega ndoo, wanawake walivuta watoto wao karibu. Mwanamume nisiyemfahamu alinifuata njiani kutoka sokoni, akatembea nyuma yangu mpaka karibu na nyumbani, kisha akaniuliza kwa kunong'ona, "Wewe ndiye wa damu?" Nikasema hapana nikaongeza mwendo, na usiku kucha niliifikiria sauti yake.

Aliyenitisha zaidi alikuwa mwanamke jirani, wa rika la dada yangu, anayeuza mihogo ya kukaanga. Alikuja na sahani iliyofunikwa, akampa mama kwa heshima, akaniomba nimsindikize hadi nje. Pale njiani akageuka.

"Ondoka na hizo chupa zako," akasema.

"Ni za ndege, dada. Naapa."

"Najua ni za ndege. Mimi nina akili. Lakini wanaume wameanza kuwatazama watoto. Mume wangu jana alimshika mwanangu kidevu, akamgeuza uso huku na huku. Tangu azaliwe hajafanya hivyo." Akanishika mkono kwa nguvu. "Tuko wengi hapa, mdogo wangu. Unafikiri ni dada yako peke yake?"

Nilikuwa na mpango wa kuondoka Ijumaa na msafara wa magari unaosindikizwa na tropa. Nilimwambia mama, na mama akasema ni vizuri. Zilibaki siku chache tu, na kazi niliyoipanga kwa siku hizo niliiacha, nikashusha wavu. Hata hivyo asubuhi ya kabla ya kuondoka, nilipofungua sanduku la vifaa kuvifunga kwa safari, nilikuta pakiti ya sindano imechanwa. Vichupa vitupu vilikuwa vimepungua.

Dada alikuwa shambani, njia ya kuelekea Mbau. Mtoto alikuwa amemwacha kwa baba yake.

Nilikimbia bila viatu. Si mbali, nyumba chache tu, lakini sijawahi kukimbia hivyo hata siku ya kuvamiwa, kwa sababu siku ile nilikimbia na watu. Nilimsikia mtoto kabla sijafika. Hakikuwa kilio cha kuanguka au cha kunyimwa kitu. Kilikuwa cha mtoto aliyeumizwa na mtu anayemwamini, chenye mshangao ndani yake.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kinu kilichogeuzwa, mtoto kati ya magoti yake, mkono mdogo umeshikwa. Vidoleni palikuwa na damu, na kwenye fulana yake, na mchangani. Alikuwa amechoma zaidi ya mara moja kwa sababu hakujua namna ya kuchoma. Vichupa viwili vilivyofungwa vilikuwa kiganjani mwake, na yeye mwenyewe kidole chake kilikuwa kinavuja. Alikuwa analia. Uso wake wote ulikuwa umelowa, na aliendelea kusema, "Basi, mama, basi, imekwisha, baba amemaliza," na mtoto akiwa amemkumbatia shingo yuleyule aliyemchoma, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumkumbatia.

Nikamchukua mtoto. Hakunizuia.

"Hiki changu, hiki chake," akasema, akanipa vichupa viwili. "Vichanganye na vya ndege. Huko hawatajua. Wakikuletea majibu niambie mimi peke yangu, hata kwa simu."

Vilikuwa vya moto, vya joto la mkono wake. Nikavishika. Niliogopa nikikataa atakwenda kwa mtu mwingine, mjini wako wanaosema wanaweza kila kitu, na huyo angempa jibu lolote kwa kupenda kwake. Niliogopa nikikubali. Nilikuwa bado nimesimama hivyo wakati dada alipoingia. Jirani wa mihogo alikuwa amesikia kilio akamkimbilia njiani.

Dada aliweka jembe chini. Akatazama vidole vya mtoto, kimoja baada ya kingine, akavifunga kwa ncha ya kanga. Kisha akanyoosha mkono kwangu, nami nikampa vile vichupa. Akavifungua, akamwaga kimoja mchangani, akamwaga na cha pili palepale juu yake, akasugua kwa mguu.

"Mume wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi. "Mimi ndiye niliyekuwepo. Kwa nini unamuuliza mtoto?"

Shemeji hakuinua uso.

"Niulize mimi. Leo nitakujibu. Mdogo wangu yupo, atasikia. Uliza."

Nilitamani asiulize. Nilimwomba Mungu asiulize. Mtoto alikuwa ametulia kifuani mwangu na pumzi zake zilikuwa zinakatika katika, na nilikuwa nimemziba sikio moja kwa kiganja bila kujua kwamba nimefanya hivyo.

"Ni wangu?" akauliza shemeji.

"Sijui," dada akasema.

Dada akasogea hatua moja mbele.

"Sijui, na Mungu ni shahidi yangu. Waliponichukua sikuwa nimejijua. Na huko sikuwa na amri juu ya mwili wangu, hilo unalijua hata kama hujaliuliza. Nilikaa porini nikiomba awe wako. Alipozaliwa nilimtazama nikaona hana sura ya mtu yeyote, ana sura ya mtoto tu. Basi nikaacha kutazama. Hilo ndilo jibu, na sina jingine."

Shemeji akainuka. Alikuwa mtu mkubwa na pale uani hapakuwa na nafasi, na mimi nilirudi nyuma na mtoto mpaka mgongo ukagonga ukuta. Dada hakurudi nyuma. Alisimama mikono chini. Nilijua anasubiri nini, kwa sababu alifumba macho. Lakini shemeji alimpita kando, akachukua shati lake kambani, akatoka.

Hakurudi siku ile. Tulisikia analala bandarini, kwenye mifuko ya saruji. Mimi msafara wangu ulipita bila mimi, sikuweza kuondoka. Tulilala wote kwa mama, dada katikati, na kila mlango ulipogonga na upepo dada alikaa kitako. Mama alisema labda amekwenda kuhesabu moyo wake. Dada akasema labda amekwenda kutafuta talaka. Mimi niliogopa jambo la tatu na sikulisema.

Siku iliyofuata, au ile iliyoifuata, asubuhi watu wakiwa sokoni, ukaja uvumi kwamba watu wa porini wameonekana. Hakuna aliyejua nani kawaona wala wapi. Mtu mmoja alianza kukimbia kutoka upande wa mashamba, kisha kumi, kisha bairo zima likawa barabarani na magodoro vichwani. Milio miwili ilisikika, mbali, huenda ni tropa walijipigia tu hewani. Ilitosha. Mama alishika mkono wangu, dada akamfunga mtoto mgongoni, tukaingia kwenye mto ule wa watu unaoelekea bandarini, kwenye mashua. Nilikuwa nasikia pumzi yangu kuliko kelele. Mama aliangusha kiatu akataka kurudi kukichukua, nikamvuta kwa ukali ambao sijawahi kumwonyesha.

Karibu na msikiti tulimwona mtu anakuja kinyume. Watu wote walikwenda upande wa bahari, yeye alikuja upande wa nyumba, anasukumwa mabega, anaanguka, anainuka, anawatazama wanawake usoni. Alikuwa shemeji, mweupe mwili mzima kwa vumbi la saruji. Alipotuona alitujia moja kwa moja. Alifungua fundo la kanga kifuani mwa dada, akamtoa mtoto, akamweka shingoni mwake, akamshika mama kwa mkono mwingine. Tukakimbia nyuma yake. Watu walimpisha kwa sababu ya ukubwa wake.

Ulikuwa uvumi tu. Mchana kutwa tulikaa tumebanana gatini, jua kichwani, na jioni tropa walikuja kututangazia turudi nyumbani. Mtoto alikuwa amelala juu ya mguu wa shemeji, ameacha alama nyeusi ya mate kwenye lile vumbi jeupe. Vidole vyake vilikuwa bado vimefungwa vitambaa. Shemeji alivitazama sana vile vitambaa. Dada alimtazama yeye.

Njiani kurudi nilitembea na dada nyuma.

"Unaona," nikamwambia kwa sauti ndogo, "amekuja."

"Nimeona."

"Basi imekwisha."

Akatikisa kichwa. "Leo kulikuwa na hofu nyingine kubwa kuliko ile. Hofu hii ikipoa, ile itakuwa mahali pake. Mimi naishi naye, najua."

Niliondoka wiki iliyofuata. Dotora nilimwambia sitachukua damu tena katika bairo lile. Nitaandika tabia tu, yale ninayoyaona kwa macho. Aliniuliza sababu, nikasema usalama, na hakuuliza zaidi, kwa maana neno hilo kwetu linafunga mazungumzo yote. Vichupa vya minana vya msimu ule vilikwenda Maputo na majibu yakaja. Nimeyatumia. Nyumbani hakuna aliyeniuliza na mimi sijamwambia mtu.

Dada hunipigia Ijumaa baada ya swala. Shemeji yupo, wanakaa pamoja, anafanya kazi, mtoto ameanza chuo cha Kurani na anasumbua wenzake. Mara moja alimkabidhi simu mtoto na nikasikia kwa nyuma sauti nzito ikimfundisha la kusema: mwambie khala hujambo, mwambie unamsalimia. Nilisikiliza sauti ile kwa makini kuliko maneno ya mtoto, nikitafuta kitu ndani yake, sijui kitu gani.

Wiki iliyopita nilimuuliza dada kama sasa ana amani. Nikasikia mwiko ukigonga chungu.

"Anamlisha, anamvisha, akiugua anakesha," akasema. "Lakini akinyamaza muda mrefu akiwa na mtoto, mimi huacha ninachofanya, nikaenda kukaa walipo."

Kisha akasema chungu kinaungua, akakata simu.